Tangazo la Bwawa Nililolilainisha

Ijumaa. Manyunyu tangu asubuhi, na baridi ambayo watu wa Kisumu hatujui kuivalia. Nimefika nyumbani Kondele mapema kuliko kawaida yangu. Kazini nimeambiwa nitapigiwa simu, na sidhani nitapigiwa.

Ninaandika hapa kwa Kiswahili kwa sababu moja ambayo sijawahi kuisema. Kazini ninaongea Dholuo, lugha yetu ya nyumbani, redioni kila siku, na wanaonijua wananijua kwa Dholuo. Kiswahili ndiko ninakokuja nikiwa sitaki kusikika. Ninyi mnaosoma blogu hii ni wachache, na wengi wenu hamjawahi kusikia sauti yangu. Leo hilo linanifaa.

Basi niseme.

Majuma matatu yaliyopita nilisoma tangazo hewani, nikabadilisha neno, na mtu akafa. Waliokufa ni zaidi ya mmoja, lakini huyu nilimjua.

Kwa asiye wa huku: juu yetu, milima inakoanzia, kuna bwawa. Lilijengwa kwa miaka mingi, likafunguliwa kwa bendera na kwaya, na watoto wa shule waliopangwa juani tangu asubuhi. Picha yake iko kwenye kalenda za maofisini. Mwanasiasa akitaka kuonyesha kwamba nchi imepiga hatua, anasimama mbele yake. Umeme wake unapita juu ya mapaa ya watu wa Kano, tambarare iliyo chini yake, kwa nyaya nene, unaenda viwandani na mijini, na chini ya nyaya hizo bado watu wanawasha koroboi.

Siku ya ufunguzi nilikuwa mshereheshaji upande wa Dholuo. Nilisimama jukwaani na gauni la kitenge nililoshonewa kwa siku hiyo, nikasema mto umefungwa kamba kama ng'ombe, hautaingia tena katika shamba la mtu. Watu walicheka na kupiga makofi. Sikuwa ninadanganya. Nilikulia kwenye mafuriko mimi. Nimelala darasani na mbuzi wa majirani nikiwa mtoto, nikingoja maji yatoke nyumbani kwetu. Nililiamini lile bwawa kama nilivyoamini Ubatizo.

Watu waliamini pia, wakashuka. Ardhi ya karibu na mto, ambayo wazee walikuwa wameiachia vyura, ikapandwa mpunga. Watu wakahamisha boma zao chini. Mama yangu hakuhama, boma lake lilikuwa huko chini tangu zamani, lakini alipata majirani wapya. Wa kwanza alikuwa Mzee Ogola na mkewe, Mama Atieno.

Ogola ndiye mtu wangu katika habari hii.

Alikuwa mkulima wa mpunga, mrefu, mwenye kikohozi. Alikuwa na mkebe wa mafuta ya kupikia alioupiga alama ndani kwa msumari, na kila asubuhi baada ya mvua alitazama maji yamefika alama ya ngapi. Kisha alipiga simu kwenye kipindi changu. "Leo ni alama ya pili, nyathina," aliniambia hewani. Nyathina ni mwanangu. Kipindi chote cha asubuhi kilimjua. Wasikilizaji wa Kondele wasiokuwa hata na shamba walikuwa wakiuliza mzee wa mkebe yuko wapi akikosa kupiga siku mbili.

Juma lile mvua ilinyesha milimani bila kupumzika. Asubuhi ya mwisho Ogola alipiga simu akasema mkebe umefurika, hana alama nyingine. Nilicheka hewani. Nilimwambia atafute ndoo.

Alasiri ya siku hiyo tangazo likaja kwa barua pepe, kwa Kiingereza. Lilisema maji yamejaa bwawani kupita kiasi, kwamba milango itafunguliwa kabla ya mapambazuko ili ukuta usipasuke, na kwamba wakaazi wote wa nyanda za chini wahamie sehemu za juu mara moja. Nililichapisha kwenye karatasi nikaanza kulitafsiri kwa kalamu. Nilikuwa nimefika "mara moja" simu ya meneja wetu ilipolia. Nitamwita Bosi tu, jina lake halina faida hapa.

Sikusikia aliyekuwa upande wa pili. Nilimwona Bosi akisimama, akiketi, akisema ndiyo mkubwa, ndiyo, nimeelewa. Alipokata simu alikuja akaegemea meza yangu.

"Akoth, hii kitu tulainishe kidogo," alisema. "Wanasema walituma haraka haraka. Watu wakianza kukimbia barabarani jioni hii, wengine watafia huko. Na Nairobi inaangalia. Ukisema bwawa limeshindwa, ni kama umesema serikali imeshindwa."

"Lakini milango wanafungua?"

"Wanafungua. Kidogo."

"Kidogo kama nini?"

Alisema tu, "Wewe ndio unajua Dholuo ya kutuliza watu. Tafuta neno."

Nililitafuta. Hakunipa neno yeye, nimpe haki yake. Nililipata mwenyewe, haraka, na nikajisifu kimoyomoyo kwa kulipata.

Dholuo tunasema beduru motang'. Ni kama Kiswahili mnaposema kaeni macho. Hapo kukaa maana yake si kuketi, ni kuwa. Lakini bado ni neno lile lile la kuketi, la kutulia, la kubaki ulipo. Nimelitumia kwa wezi wa ng'ombe, kwa kipindupindu, kwa matapeli wa simu. Ni neno ambalo mtu akilisikia anaitikia kwa kichwa, kisha anaendelea kumenya viazi.

Kabla ya kuingia studio nilienda kwenye korido ya vyooni nikampigia mama.

Nilimwambia achukue nguo na dawa zake za presha, apande boda mpaka Awasi, kisha gari la kuja Kisumu, na asingoje jioni. Aliniuliza kuna nini. Nikamwambia ni maji.

"Niwaambie hawa wengine?"

"Usiambie mtu, mama. Watajua imetoka kwangu. Nitafutwa kazi."

Nilisikia kuku wake. Kisha akasema, "Haya."

Saa kumi kamili niliingia hewani, nikasema kwa sauti yangu nzuri kwamba maji kiasi yataachiliwa kutoka bwawani, kwamba wataalamu wanafuatilia hali kwa karibu, na kwamba wananchi wa nyanda za chini wakae macho. Kisha nikaweka wimbo.

Mama yangu nilimwambia atoke. Wengine niliwaambia wakae.

Nimeiandika sentensi hiyo mara nyingi katika majuma haya matatu, kwenye simu, nyuma ya risiti, kisha nikaifuta. Leo naiacha hapo.

Maji yalifika Kano kabla ya jua. Sikuyaona. Niliamshwa na simu. Tulipokwenda na kamera mchana, barabara ilikuwa imeishia majini, na ng'ambo yake mapaa yalionekana kama majani ya chai kwenye sufuria. Mpunga wote haukuwapo. Jioni hiyo nilisoma taarifa ya habari. Habari ya kwanza, kwa maagizo, ilikuwa kwamba bwawa liko salama. Ukuta haukupata hata ufa. Umeme haukukatika nchini. Nilisoma hivyo taa za studio zikiwa zinawaka juu ya kichwa changu, na kweli hazikukatika.

Ukuta ulikuwa wa taifa. Kuna mtu mahali fulani aliyepima ukuta upande mmoja na sisi upande mwingine, na pengine hesabu yake ilikuwa sahihi. Wahandisi wanasema ukuta ungepasuka wangekufa watu wengi zaidi, mpaka ziwani. Sina elimu ya kubishana nao. Najua tu kwamba hesabu hiyo ilihitaji watu watoke kwanza, na kwamba kuwaambia watoke ilikuwa kazi yangu.

Ogola alipatikana siku ya tisa, kwenye matope ya mfereji wa mpunga, mbali na kwake.

Tangazo lake la kwanza la mazishi lilikuja Jumatano iliyofuata. Nilibadilishana zamu na mwenzangu ili nisilisome. Nilimwambia nina homa. Mama alilisikiliza hapa sebuleni mpaka mwisho, akazima redio, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Tangu afike kwangu hajaenda kanisani hata Jumapili moja. Anasema miguu. Hatujawahi kuzungumza juu ya ile simu, yeye na mimi, ingawa tunakula meza moja.

Sasa leo.

Saa nane hivi dada wa mapokezi alikuwa ametoka kwenda kula, nikashuka kumshikia meza. Mlango ukafunguliwa akaingia Mama Atieno. Mwavuli wake ulikuwa umevunjika ubavu. Alikuwa amevaa gambuti za mwanamume, na tope lilikuwa limezifunika mpaka juu. Nilimtambua kabla hajainua uso, na nikawaza kwenda juu. Sikwenda kwa sababu aliniona.

"Akoth," alisema. "Namshukuru Mungu ni wewe. Nilikuwa naogopa nitapata mtu wa kuniandikia vibaya."

Alisema hayo kwa Dholuo, na mengine yote pia. Ninayaandika kwa Kiswahili yalivyo, bila kuyalainisha.

Alikuja kubadilisha tangazo. Mazishi yalikuwa yameahirishwa kutoka Jumamosi iliyopita, na sasa yatafanyika kesho, lakini si nyumbani kwake. Walikuwa wamejaribu kuchimba kaburi bomani mara tatu. Mahali pa kwanza maji yalitoka vijana wakiwa wamefika magotini. Wakasogea, yakatoka. Mara ya tatu waliweka pampu ya mpunga, ile ya Ogola mwenyewe, ikavuta maji mchana kutwa, na kaburi likabomoka kando zake. Wazee walibishana siku mbili. Mwishowe wameamua azikwe kwenye boma la mdogo wake, juu karibu na Awasi.

"Mtu aliyejenga boma lake," alisema. "Anaenda kuzikwa kwa mwingine kama mtu ambaye hakuwahi kuoa."

Nilimpa pole. Nilimpa kiti. Nilichukua kalamu. Nilidhani tutaandika tu.

Lakini wajane husimulia. Mmewaona. Hata usipouliza, wanarudi kwenye saa ya mwisho kama ulimi unavyorudi kwenye pengo la jino. Akaniambia kwamba siku ile Ogola hakuwa ametulia tangu mkebe ufurike. Mchana alikuwa amefunga ng'ombe kwenye mkokoteni. Walikuwa wamepakia godoro, gunia la mahindi, cherehani. Walikuwa karibu kuondoka.

"Kisha redio ikasema kuna tangazo la bwawa. Akaniinulia mkono ninyamaze. Akasema, ni mtoto wetu anasoma. Akasikiliza mpaka mwisho. Nikamwuliza, anasemaje? Akasema, amesema tukae. Nikamwambia, na mkebe? Akasema mkebe ni mkebe, Akoth yuko na watu wa bwawa, kungekuwa na kitu angesema."

Alinyoosha karatasi yake mezani kwa kiganja.

"Akafungua ng'ombe. Tukashusha godoro."

Kalamu ilikuwa mkononi.

Alfajiri maji yalipoingia, Ogola alimsukuma mkewe juu ya kichuguu kilicho nyuma ya jiko, akarudi zizini kuwafungulia ng'ombe wasife wamefungwa. "Niliwasikia ng'ombe," alisema, "halafu sikuwasikia." Alikaa juu ya kichuguu hicho mpaka alasiri, na nyoka wawili waliokuwa wamechoka kama yeye.

Halafu akaniuliza, kwa adabu, kama watu wetu wanavyouliza hata wakiwa na msiba wao: "Na Mama Akoth? Macho yake yanaendeleaje?"

"Macho?"

"Si alikuwa anaenda kliniki ya macho siku ile? Alipita langoni kwetu na furushi, nikamuuliza ni safari gani na mvua hii, akasema ni macho, wamempa siku. Nikamkimbilia na ndizi mbivu za njiani. Baadaye nilipokuwa juu ya kichuguu nikawaza, Mungu ana njia zake. Amemwokoa Mama Akoth kwa macho."

Ningeweza kunyamaza. Uongo ulikuwa tayari umeshasemwa, na hata haukuwa wangu, ulikuwa wa mama. Nilichohitaji ni kusema yanaendelea vizuri, ero kamano, yaani asante, nikaandika tangazo, naye angeenda zake akiniombea.

"Macho ya mama hayana shida," nilisema. "Mimi ndiye niliyempigia simu. Nilimwambia atoke."

Hakuelewa mara moja. Niliona ikimfikia polepole.

"Ulimpigia saa ngapi?"

"Kabla sijasoma."

"Kabla."

"Ndiyo. Karatasi ilikuwa imesema watu wote watoke. Niliambiwa nilainishe. Nikalainisha."

Aliangalia gambuti zake kwa muda. Gari la maji lilikuwa likipiga honi nje, na nakumbuka niliitegea sikio ile honi kama kwamba ilikuwa na jambo la kuniambia.

"Kwa hiyo ulikuwa na maneno mawili," alisema. "Moja la mama yako, na moja letu."

"Ndiyo, mama."

"Na yeye alipokuwa anapokea ndizi zangu alijua."

"Alijua ni maji. Mimi ndiye niliyemkataza kusema."

Nilingoja anipige. Ningependa angenipiga. Alisukuma karatasi upande wangu.

"Andika tangazo langu."

Niliandika. Alitaja jina la mume wake kamili, ukoo, wanawe, mahali papya pa mazishi, na barabara ya kufuata. Alinitaka nimsomee niliyoandika, akanisahihisha mahali pamoja. "Usiweke neno mpendwa," alisema. "Hakulipenda. Na usiongeze kitu chako." Nikasema sitaongeza.

Alichukua mwavuli. Mlangoni alisimama bila kugeuka.

"Kesho watu watakuwa wengi. Wote wanasema ni kazi ya Mungu. Hata mimi nilikuwa nasema ni kazi ya Mungu." Akatoka mvuani.

Matangazo ya vifo tunasoma saa kumi na moja jioni. La Ogola lilikuwa la tatu kwenye orodha, nikalisoma kama mjane wake alivyolitaka, bila neno mpendwa, bila kitu changu. Nilisoma mengine yaliyobaki. Kisha badala ya kuweka wimbo nikatoa mkobani karatasi ya barua pepe ile, ambayo nimekuwa nikitembea nayo, na nikasema kwamba hili ni tangazo ambalo wasikilizaji wangu walipaswa kulisikia siku ile saa kumi. Nikalisoma lote kwa Dholuo, pamoja na "mara moja". Nikasema aliyelibadilisha ni mimi. Nikasema nilimpigia mama yangu simu atoke, na kwamba wao sikuwapigia.

Nilikuwa naendelea nilipoona kwenye kioo kwamba Bosi amefika kwa fundi wa mitambo. Wimbo ulipanda juu ya sauti yangu. Sijui walinisikia hadi wapi.

Bosi aliingia akaketi kwenye kiti cha mgeni. Nilidhani atanifokea. Alikuwa ameshika simu mkononi, nayo ilikuwa inaita, na hakuipokea.

"Hukunitaja," alisema.

"Sikukutaja."

"Watajua tu." Alisugua uso. "Mimi niko na watoto shuleni, Akoth."

"Najua."

"Enda nyumbani. Tutakupigia."

Nilichukua sweta na kikombe changu. Sikumchukia. Nilitaka kumchukia, ingenipunguzia mzigo, lakini nilipokuwa nashuka ngazi nilikumbuka kwamba yeye aliomba neno na mimi ndiye niliyekuwa nalo.

Na nisijifanye shujaa hapa mbele yenu. Maji yameshapita. Ukweli wangu wa leo haujamtoa mtu hata mmoja kwenye mafuriko. Nimeusema baada ya majuma matatu, baada ya mjane kuketi mbele yangu na kusimulia, na sehemu yangu moja, ndogo, ilikuwa inasikiliza hata wakati huo kama sauti yangu inatoka vizuri. Hivyo ndivyo nilivyo. Nimeishi kwa sauti muda mrefu mno.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha karibu na mlango, redio imezimwa mapajani mwake. Alikuwa amesikia mpaka mahali pake.

"Umenitaja," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Kano yote inasikia."

"Ndiyo."

"Ungeanza kwa kuniambia."

Ni kweli. Hata hilo sikulifanya. Nilimweleza Mama Atieno alivyokuja, na alivyosema kuhusu mkokoteni. Nilipofika kwenye mkokoteni mama aliinua mkono kama mtu anayezuia mwanga.

"Niliuona," alisema.

Nikamngoja.

"Nilipopita langoni Ogola alikuwa bomani anafunga ng'ombe. Niliona godoro juu. Nikawaza, hawa wameshajua. Wanatoka wenyewe, hakuna haja ya kusema. Nikachukua ndizi nikaenda. Njia yote mpaka Awasi nilikuwa najiambia, wameshafunga, wameshafunga." Aliiweka redio chini sakafuni taratibu. "Sikujua kwamba wewe utawafungulia."

Nilikaa sakafuni karibu na miguu yake. Hakunigusa, wala hakunisogeza. Simu yangu ilikuwa inatetemeka mkobani. Namba nisizozijua, halafu binamu yangu, halafu namba nyingine. Ya mama nayo ikaanza. Alilitazama jina, akaigeuza simu kifudifudi.

Baada ya muda aliinuka akaenda chumbani. Nilisikia sanduku likifunguliwa. Alirudi na gauni lake la msibani, lile jeusi lenye kola, akaomba pasi.

"Mama, hawatatutaka pale."

"Sijasema watatutaka."

"Wanaweza kutufukuza mbele ya watu."

"Basi tutatoka. Lakini tutakuwa tumefika." Alitandika blanketi mezani. "Na mimi ndiye nitakayeongea kwanza. Wewe umeshaongea sana."

Sasa anapiga pasi. Mvua bado. Nimemwomba nimsaidie akakataa, kwa hiyo nimekaa kando naandika haya, na kila mara anaponyamaza nadhani amebadilisha nia, kisha nasikia pasi ikitembea tena.

Gari la kwanza la Awasi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Tutakuwa ndani. Nimekuwa nikijiuliza nitasema nini nikikutana na Mama Atieno, na sijapata neno, na safari hii sitalitafuta sana. Kitu kimoja tu ningependa kukijua kabla ya kulala. Watu wakipanga mstari kando ya kaburi kutupa udongo, je, wataturuhusu, mama na mimi, tutupe wetu?